Makopo tisa ya vitamini C kabla ya Comrades

Mwalimu mmoja mstaafu, mwanachama wa klabu ya mbio hapa Moshi, aliingia kwenye duka langu la dawa mwanzoni mwa Machi akiwa na sauti ya kukwaruza. Wiki moja nyuma alikuwa amemaliza Kilimanjaro Marathon, kilomita 42 kamili, na tangu siku ya pili yake koo lilikuwa linamwasha, pua inatiririka, na usiku anakohoa hadi mkewe anahamia chumba kingine.

"Shikamoo, mwalimu. Pole na mafua."

"Marahaba, dokta. Nishapoa sasa. Nipe vile vidonge vya vitamini C vya kuyeyuka kwenye maji, vya miligramu 1,000. Makopo tisa. Na vitamini E kama unayo. Na diklofenaki ya maumivu paketi mbili."

Kopo moja lina vidonge kumi, kwa hiyo makopo tisa ni siku tisini. Alikuwa ameshajiandikisha kwenye mbio ndefu za Comrades, kule Afrika Kusini mwezi Juni, na alitaka kumeza kidonge kimoja kila siku kuanzia siku ile hadi siku ya mbio. Akanionyesha simu. Kwenye kundi lao la WhatsApp ilikuwa inazunguka picha yenye maandishi makubwa: vitamini C hupunguza mafua ya wakimbiaji kwa nusu, huzima mchochota (wekundu, joto na uvimbe mwilini), misuli hupona haraka.

Ningeweza kumuuzia tu. Hela yake, afya yake, na vitamini C haihitaji cheti cha daktari. Lakini ile kauli ya kwanza, ya mafua kupungua kwa nusu, haikutungwa na mtu wa WhatsApp. Ina asili, na asili yake ni mbio zilezile anazokwenda kukimbia. Nikamwomba anipe siku mbili nirudie kusoma. Haya ndiyo niliyomweleza aliporudi, pamoja na mengine niliyoyaruka kwa sababu foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Mbio na vidonge

Comrades zilikimbiwa mara ya kwanza tarehe 24 Mei 1921. Mwanzilishi wake, Vic Clapham, alikuwa dereva wa treni aliyepigana Vita vya Kwanza vya Dunia huku kwetu. Alitembea kama kilomita 2,700 ndani ya Afrika Mashariki ya Wajerumani akiwafuata askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na aliporudi kwao akataka wenzake waliokufa wakumbukwe kwa tabu ya miguu. (Mwalimu alifundisha historia miaka thelathini. Hapa alinisimamisha na kunipa somo la dakika kumi.) Mwaka ule wa kwanza walianza watu 34 na kumaliza 16. Siku hizi wanaanza maelfu, kati ya Pietermaritzburg na Durban, takriban kilomita 90, mwaka mmoja kwa kupanda na mwaka unaofuata kwa kushuka. Ni majira ya baridi kule. Watu husimama mstarini gizani wakitetemeka, na wengi wao hurudi kulala usiku mwingine umeshaingia.

Wakimbiaji wa Afrika Kusini walikuwa wanajua zamani kwamba mbio kama hizi zina mkia wake wa mafua. Mwaka 1982 mtafiti Edith Peters na mwenzake Bateman walilihesabu jambo hilo kwenye Two Oceans, mbio za kilomita 56 za Cape Town. Katika wiki mbili baada ya mbio, 33.3% ya wakimbiaji walikuwa na dalili za mafua au koo, ilhali kwa wasiokimbia waliolinganishwa nao ilikuwa 15.3%. Waliokimbia kasi zaidi ndio walioumwa zaidi. Maelezo yaliyopendwa wakati ule yalikuwa kwamba juhudi kubwa hushusha kinga kwa saa kadhaa, mlango unabaki wazi, mdudu anaingia.

Basi Peters na wenzake, akiwamo Tim Noakes, wakaenda Comrades na vidonge. Kundi moja la wakimbiaji lilimeza miligramu 600 za vitamini C kila siku kwa siku 21 kabla ya mbio. Kundi la pili lilimeza kidonge bandia kisicho na dawa. Watu wasiokimbia nao wakagawiwa vivyo hivyo. Baada ya mbio walifuatiliwa siku 14. Matokeo yalichapishwa mwaka 1993: waliomeza kidonge bandia, 68% walipata dalili. Waliomeza vitamini C, 33%.

Ndiyo hiyo nusu ya kwenye simu ya mwalimu.

Kuna namba nyingine ndani ya utafiti uleule ambayo haisambazwi na mtu, na mimi naiona ndiyo tamu zaidi. Miongoni mwa waliomeza kidonge bandia, wale waliofanya mazoezi makali kuliko wenzao waliugua kwa 85%; wenye mazoezi ya kawaida na ya chini, 45%. Yaani anayejituma ndiye anayekohoa. Mwalimu aliposikia hivyo alicheka, kwa sababu mwezi wa Januari alikuwa amepandisha kilomita zake kwa fujo baada ya kupitwa na kijana fulani kwenye kilima cha Rau.

Miligramu 600 si kidogo. Kiwango kilichopendekezwa Marekani wakati huo kilikuwa miligramu 60 kwa siku, kwa hiyo wakimbiaji walipewa mara kumi. Ukitaka kuzipata sokoni, ni machungwa manane au tisa, au mapera manne matano, maana pera linalishinda chungwa mara kadhaa kwa vitamini hii. Mwaka 1996 timu ya Mark Levine huko Marekani ilionyesha kwamba damu ya kijana mwenye afya inakaribia kujaa vitamini C kwa miligramu 200 tu kwa siku. Juu ya hapo utumbo unapokea sehemu ndogo, na figo zinamwaga kilichozidi. Kile kidonge cha miligramu 1,000, sehemu yake nzuri inaishia chooni.

Sasa nyufa za kisa. Kila kundi la wakimbiaji halikufika watu 50, kwa hiyo tofauti yote tunayoizungumzia ni ya watu wasiofika ishirini. Kwa ugonjwa unaokuja na kuondoka wenyewe kama mafua, hiyo ni hesabu nyembamba. Timu hiyohiyo iliporudia jambo hili na kuchapisha mwaka 1996, vitamini C peke yake ilifanya kazi sawa na ikichanganywa na vitamini nyingine, jambo linalompa Peters nguvu na kumnyima muuza mchanganyiko sababu. Baadaye wakaguzi wa Cochrane, mtandao unaokusanya na kupima tafiti za tiba, wakakusanya majaribio matano ya watu walio kwenye juhudi kubwa ya mwili, jumla washiriki 598, wakakuta hatari ya mafua imepungua kwa karibu nusu, sawa na 1993. Inavutia, mpaka uangalie washiriki hao ni akina nani: 279 walikuwa watelezaji wa theluji katika jaribio la Uswisi la mwaka 1961, na zaidi ya mia walikuwa askari wa Kanada kwenye mazoezi ya baridi kali. Wakimbiaji waliobaki ni wachache, na wametoka Afrika Kusini. Kwa mkimbiaji wa Comrades hiyo ni habari njema kidogo. Kwa mkimbiaji wa Tanga kwenye joto la Februari, sijui kwa nini tumpe matokeo ya watelezaji wa theluji.

Koo linalowasha na mdudu asiyeonekana

Utafiti wa 1993 ulihesabu dalili kama watu walivyozieleza: koo, pua, kikohozi. Ukiniambia koo linawasha nami nikaandika "maambukizi", nimeongeza neno ambalo hukulisema.

Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwafuatilia wanamichezo, na kila aliyelalamika mafua akachukuliwa sampuli za pua na koo. Katika matukio 37 ya dalili, mdudu alipatikana katika 11 tu. Mengine yote, watu walikuwa wanaumwa kwelikweli, lakini maabara haikukuta kirusi wala bakteria.

Kama si mdudu, ni nini? Fikiria koo lenyewe. Mtu anayekimbia mwendo wa kawaida anaweza kuvuta lita 60 za hewa kwa dakika. Kwa saa tisa hiyo ni zaidi ya lita 30,000, nyingi zikipita mdomoni, hewa baridi na kavu ya asubuhi ya KwaZulu-Natal, halafu vumbi na moshi wa magari ya kusindikiza. Ute unaofunika njia ya hewa unakauka, ngozi laini ya ndani inachanika, na kinga inaitwa kuja kurekebisha. Matokeo ni wekundu, joto, uvimbe na maumivu, yaani mchochota. Hisia yake kooni haina tofauti na mafua.

Hapo vitamini C inaanza kueleweka kwa njia nyingine. Mwaka 2007 huko Marekani wagonjwa 8 wa pumu inayochochewa na mazoezi walipewa miligramu 1,500 kwa siku kwa wiki mbili. Kabla, mazoezi yalikuwa yanapunguza pumzi yao ya kutoa kwa 12.9%, baada ya vitamini, 6.4%. Watu wanane ni wachache mno, lakini hakuna mdudu kwenye hadithi hiyo. Kuna njia ya hewa iliyobanwa na ikalegea. Ninavyoamini mimi, sehemu kubwa ya ile nusu ya Comrades ni hii: koo lililotulizwa, na wala si kirusi kilichofukuzwa. Siwezi kuithibitisha kwa data ya 1993, kwa sababu hakuna aliyepita na pamba kwenye makoo ya wale wakimbiaji.

Damu ya watu kumi na sita

Picha ya WhatsApp ilisema pia kwamba vitamini huzima mchochota. Hapa ndipo Comrades wenyewe wanaleta kituko.

Kwanza ieleweke kinachotokea ndani ya paja kwenye mteremko mrefu. Msuli unarefuka huku unajikaza, nyuzi zake ndogo zinakatika. Nyutrofili, zile chembe nyeupe za zamu ya kwanza, zinajaa damuni na kumwaga kemikali kali za oksijeni ili kusafisha mabaki. Kemikali hizo ndizo radikali huru, ambazo antioksidanti kama vitamini C na E huzinyonya. Wakati huohuo msuli wenyewe, hata usiochanika, unatoa kiashirio kiitwacho intalukini-6. Baada ya mbio ndefu kinaweza kupanda hadi mara mia. Watu wengi husikia "intalukini" wakadhani ni moto wenyewe. Ni zaidi ya mpiga mbiu: analiambia ini litengeneze CRP, protini ambayo ni alama ya mchochota damuni, anaamsha tezi zimwage homoni ya kotisoli, na anaita viashirio vingine vya kutuliza, kama intalukini-10. Anayetangaza moto ndiye anayeita maji.

Mwaka 2001 Peters na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji 16 wa kilomita 90, baadhi wakiwa wamemeza miligramu 1,000 za vitamini C kwa siku saba kabla ya mbio, siku ya mbio, na siku mbili baadaye. Kwa waliomeza vitamini, kotisoli haikupanda sana kama kwa wenzao. Watu wa WhatsApp wangeshangilia, maana kotisoli inajulikana kama homoni ya msongo. Lakini kotisoli pia ni breki ya mchochota; ndiyo maana mgonjwa mwenye uvimbe hupewa ndugu zake wa viwandani, akina prednisoloni. Breki ilipolegea, CRP ya waliomeza vitamini ikawa juu kuliko ya wenzao. Mwaka huohuo wakaja na kazi ya pili, wakilinganisha dozi, na waliomeza miligramu 1,500 walikuwa na kotisoli, adrenalini na viashirio vya kutuliza vya chini zaidi.

Kwa hiyo kidonge kilichoheshimika kwa kupunguza mafua kilionekana kuongeza alama ya mchochota kwenye damu. Waandishi wenyewe waliliona hilo kama dalili nzuri: kinga haikuzimwa na kotisoli, ikabaki macho. Unaweza kulisoma hivyo. Unaweza pia kulisoma kwamba watu 16 ni wachache. Usichoweza kufanya ni kulisoma kwamba vitamini C "huzima mchochota".

Halafu mwaka 2002 David Nieman wa North Carolina alichapisha jaribio kama hilo: ultramarathoni, miligramu 1,500 kwa siku, siku saba kabla na siku ya mbio. Hakuona tofauti yoyote, si kwenye radikali wala kwenye kinga. Tofauti moja ya mazingira inanisumbua. Wakimbiaji wa Nieman walikunywa kinywaji cha sukari njia nzima, makundi yote mawili. Nieman huyohuyo alikuwa ameonyesha miaka ya 1990 kwamba sukari ikiingia wakati wa kukimbia, kotisoli na intalukini-6 hupanda kidogo tu. Msuli wenye glukosi hauna haja ya kupiga mbiu sana. Kama sukari imeshafanya kazi ile, vitamini imebakiwa na nini cha kufanya? Ningemshauri mwalimu apiganie zaidi chupa yake ya kinywaji kuliko kopo lake la vidonge, na nilimwambia hivyo.

Vitamini E, na paketi mbili za diklofenaki

Kuhusu vitamini E sikuwa na subira. Kila Oktoba, kwa miaka mingi, Kailua-Kona huko Hawaii hufanyika mashindano makubwa ya Ironman: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha marathoni juu ya lami inayopita kwenye mawe meusi ya volkano. Nieman na wenzake walichukua washindani 38. Nusu walimeza yuniti 800 za vitamini E kila siku kwa miezi miwili kabla, nusu kidonge bandia. Mwaka 2004 wakachapisha. Alama ya mafuta yaliyoharibiwa na radikali ilipanda kwa 97% kwa waliomeza kidonge bandia, na kwa 181% kwa waliomeza vitamini E. Intalukini-6 ilifika pikogramu 88 kwa mililita kwa kundi la kwanza, na 166 kwa la pili. Kidonge kilichouzwa kuzuia oksidisho, yaani uharibifu wa radikali, kiliongeza oksidisho. Kemia yake haina uchawi: molekuli ya vitamini E ikishanyonya radikali inageuka nayo kuwa radikali dhaifu, na ikijazana bila wa kuisafisha inaweza kuendeleza uharibifu.

Mwalimu ana miaka 58, na wanaume wa umri wake nina sababu ya ziada ya kuwanyima. Jaribio kubwa la Marekani lililohusisha wanaume zaidi ya 35,000 lilionyesha mwaka 2011 kwamba waliomeza yuniti 400 za vitamini E kwa siku walipata saratani ya tezi dume kwa 17% zaidi ya wenzao. Jaribio lilianzishwa kwa matumaini kwamba vitamini ingeikinga tezi hiyo.

Diklofenaki ndiyo iliyonitisha kuliko vyote. Alitaka kumeza kimoja alfajiri kabla ya kuanza na kingine njiani, "kuzuia maumivu yasije." Wakimbiaji wengi wa klabu hufanya hivyo na hawasemi. Kwenye Western States, mbio za kilomita 160 za California, Nieman aliwapima watumiaji wa ibuprofeni, ndugu wa diklofenaki, na wasiotumia. Mwaka 2006 akaripoti kwamba watumiaji hawakuumwa misuli kidogo kuliko wenzao, na alama zao za mchochota zilikuwa juu. Dawa hizi hubana damu inayokwenda figoni, na figo za mtu aliyekimbia saa saba kwenye jua zimeshanyimwa maji. Utumbo nao unavuja, sumu za bakteria zinapenya kuingia kwenye damu, na kinga inalipuka upya.

Hapo mwalimu aliweka paketi mbili mezani bila kubishana. Nilizirudisha rafuni mwenyewe.

Siku tisini ni za kujenga

Iliyobaki ilikuwa hoja yake ya makopo tisa, na hapa alibishana.

"Dokta, hata kama haisaidii sana, inaumiza nini?"

Ni swali la haki. Mwaka 2009 Michael Ristow na wenzake kule Jena, Ujerumani, waliwafanyisha mazoezi vijana wa kiume 39 kwa wiki nne. Baadhi walimeza miligramu 1,000 za vitamini C na yuniti 400 za vitamini E kila siku. Mazoezi yaliufanya mwili uitikie vizuri zaidi insulini, kama inavyotarajiwa, lakini kwa wale tu ambao hawakumeza vitamini. Radikali zilizokuwa zinaogopwa ndizo zilizokuwa zinapeleka taarifa ya kujenga: tumetumika, ongezeni mitambo. Ukizinyonya zote, taarifa haifiki. Miaka mitano kabla, Copenhagen walikuwa wameshaona kwamba siku 28 za vitamini C na E zinakaribia kufunga intalukini-6 inayotoka kwenye msuli unaofanya kazi.

Timu ya Valencia, Hispania, mwaka 2008 iliwapa watu gramu moja ya vitamini C kwa siku kwa wiki nane, na ikajaribu vitamini hiyo kwa panya pia. Panya waliofanya mazoezi bila vitamini waliongeza muda wa kukimbia kwa 186.7%. Waliopewa vitamini, 26.5%. Kwa watu, uwezo wa juu wa kutumia oksijeni ulipanda 22% kwa wasiomeza na 10.8% kwa waliomeza, lakini walikuwa wachache mno hata tofauti hiyo haikufaulu mtihani wa takwimu. Wengi wanaonukuu utafiti huu husahau kutaja kipande cha mwisho.

Ninaouamini zaidi ni wa Norway, wa Gøran Paulsen na wenzake, 2014: watu 54, wiki 11, miligramu 1,000 za C na 235 za E. Kwenye msuli, protini ya mitokondria (vinu vya nguvu ndani ya chembe) iitwayo COX4 ilipanda kwa waliomeza kidonge bandia na ikasinyaa njiani kwa waliomeza vitamini. Lakini kwenye kipimo cha oksijeni na kwenye kukimbia kwenyewe, makundi yote mawili yaliendelea sawa. Kwa hiyo sikumwambia mwalimu kwamba vidonge vingemharibia mbio. Nilimwambia kwamba Machi hadi Mei ndiyo miezi anayoupa msuli kazi ya kubadilika, na vidonge vinamnong'oneza msuli uleule usibadilike. Mnong'ono ni mdogo. Lakini kwa nini aulipie?

Na figo zake tena: Sweden, mwaka 2013, wanaume waliokuwa wakimeza vidonge vya vitamini C walionekana kupata mawe ya figo kama mara mbili ya wasiomeza. Mkimbiaji ambaye mkojo wake ni mzito kila Jumapili mchana hahitaji msaada wa kutengeneza mawe.

"Basi wale Wakenya wanakula nini?" aliuliza. Kila mtu huuliza. Mwaka 2004 Vincent Onywera na wenzake waliandika walivyokula wakimbiaji kumi wa juu kambini kwa siku saba. Wanga ulikuwa 76.5% ya nguvu yote: ugali, mkate, viazi, wali, maharage, chai ya maziwa yenye sukari nyingi. Chakula cha mama ntilie. Mwalimu alifurahi sana kusikia habari ya sukari kwenye chai, kwa sababu mkewe amemkatalia.

Niseme pia kwa vijana wanaokimbilia medali, ambao si wa rika lake: mwaka 2004 maabara ya Cologne ilitoa matokeo ya bidhaa 634 za nyongeza kutoka nchi 13, na 14.8% zilikuwa na homoni za kujenga misuli zisizoandikwa kwenye lebo. Ukikutwa nazo mkojoni, hadithi ya kopo haikuokoi.

Alichoondoka nacho

Tulikubaliana hivi. Asimeze vitamini C sasa. Atapunguza kilomita zake wiki tatu kabla ya mbio, kama wakimbiaji wote wafanyavyo. Wakati huo kazi ya kujenga imekwisha, na kilichobaki ni kulinda koo. Siku 21 ndizo Peters alizotumia. Basi atakuja katikati ya Mei achukue vidonge 21 vya miligramu 500, kimoja kwa siku, avimalize alfajiri ya mbio. Kama vitamsaidia koo, vizuri. Kama havitamsaidia, amepoteza bei ya chakula cha mchana. Akitaka zaidi ya hapo, kuna mapera nje ya duka, na kwa mama wa kibanda kile bei haijapanda.

Kingine nilichomwambia hakihitaji duka. Ajifunge kitambaa chepesi puani na mdomoni kwa saa ya kwanza, wakati hewa ni baridi na kavu, ili anayovuta iwe na unyevu wa pumzi yake mwenyewe. Na siku tatu baada ya mbio asikae na wajukuu wenye kamasi.

Alisikiliza yote, akatikisa kichwa, akatoa simu na kuanza kuandika kwenye kundi lao. Nilidhani anasahihisha ile picha. Kumbe anawaambia kwamba Vic Clapham alipita huku akifukuzana na Lettow-Vorbeck.

Alinunua pakiti nne za chumvi za kuongeza maji mwilini. Makopo tisa bado yapo rafuni, la kwanza kushoto.